Majina Ukutani, Majina Daftarini: Utangulizi wa Kusoma Kanisa la Kijiji cha Kiingereza

Aliyewahi kuingia Kanisa Kuu la Kristo pale Mkunazini, Unguja, huenda ameonyeshwa mahali alipozikwa Askofu Edward Steere, nyuma ya madhabahu. Wengi wetu tunamjua kwa kazi yake ya lugha: kitabu chake cha kufundishia Kiswahili na mkusanyo wake wa hadithi za Unguja, vyote vya mwaka 1870, pamoja na miaka aliyoitoa kutafsiri Biblia. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba kabla ya kuja huku Steere alikuwa kasisi wa Little Steeping, kijiji kidogo cha Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza. Rafiki yake William Tozer, ambaye alifika naye Unguja mwaka 1864, alikuwa kasisi wa Burgh le Marsh, si mbali na hapo. Watu hao walilelewa katika desturi ya kanisa la mawe lililozungukwa na makaburi, ambamo kila anayebatizwa, anayeoa na anayezikwa huandikwa jina lake kwenye daftari. Walipovuka bahari waliibeba desturi hiyo pamoja na vitabu vyao. Kwa hiyo anayetaka kuelewa vizuri baadhi ya mawe na maandishi yaliyopo Unguja, atafaidika akianzia kwenye mashamba ya Uingereza.

Huu ni utangulizi wa fani ya kusoma kanisa la kijiji. Nasema kusoma kwa makusudi. Kanisa la Anglikana nchini Uingereza lina majengo ya ibada takriban 16,000, na mengi ya yale ya vijijini yalianzishwa kabla ya mwaka 1500. Katika vijiji vingi hakuna jengo lenye umri unaokaribia umri wa kanisa. Nyumba ya mkulima ilibomolewa ikajengwa upya, jumba la mwinyi likauzwa, shule ikafungwa, kanisa likabaki. Ndani yake vizazi ishirini au thelathini vimeacha alama, na kila kizazi kimeandika juu ya kilichotangulia, wakati mwingine kwa heshima na wakati mwingine kwa patasi.

Sehemu za jengo utazizoea haraka. Upande wa mashariki ni sehemu ya madhabahu, ambayo kwa desturi kasisi ndiye aliyewajibika kuitengeneza. Ukumbi wa waumini ulikuwa mzigo wa wanakijiji wenyewe. Ndiyo maana usishangae ukikuta upande mmoja una madirisha ya fahari na mwingine umeezekwa kimaskini: mifuko ilikuwa miwili. Magharibi, mara nyingi, pana mnara wenye kengele, na karibu na mlango pana birika la ubatizo, ambalo huenda ni kongwe kuliko kuta zilizolizunguka. Umbo la tao, unene wa nguzo na ukubwa wa dirisha hutaja karne. Katika hili mwanafunzi ana msaada mkubwa: mfululizo wa vitabu ulioanzishwa na Nikolaus Pevsner, mkimbizi kutoka Ujerumani, ambao kati ya mwaka 1951 na 1974 ulieleza majengo ya Uingereza yote, mkoa kwa mkoa. Soma sura ya mkoa wako kabla hujatoka nyumbani, kisha ufunge kitabu ukifika, utazame kwa macho yako.

Mimi hata hivyo nimevutwa zaidi na majina kuliko na matao.

Kanisa la kijiji limejaa majina, na hayakuandikwa kwa usawa. Mwinyi mwenye ardhi yuko ndani, karibu na madhabahu, juu ya marumaru, pamoja na nembo ya ukoo wake na sifa za mistari kumi na miwili. Mkulima mwenye uwezo yuko nje, kwenye jiwe lililosimama karibu na njia. Kibarua aliyemlimia mkulima hana jiwe kabisa. Amelala chini ya majani, na kaburi lake limechimbwa tena mara nyingi kuwapisha wenzake. Anayesoma mawe peke yake atadhani kijiji kilikuwa na watu matajiri na watu wa kadiri tu. Maskini hayumo ukutani. Yumo daftarini.

Daftari hilo lina siku ya kuzaliwa, kama watu waliomo. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliamuru kila parokia iweke kitabu cha ubatizo, ndoa na maziko. Kitabu kikae katika sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa kasisi na wa pili kwa wazee wa kanisa, ili asiwepo mtu wa kukifungua peke yake. Watu walinung'unika, wakihofu kwamba serikali inatafuta njia mpya ya kuwatoza kodi. Hofu ilipita, kitabu kikabaki. Humo mwinyi na kibarua wanapewa kila mmoja mstari wake, kwa wino uleule, kwa mpangilio wa siku walizozikwa. Sijui maandishi mengine ya zamani hizo yaliyomwekea mtu wa chini nafasi sawa kiasi hicho. Fani hii, ukiniuliza, kiini chake ni kusoma ukuta na daftari kwa pamoja na kuuliza kwa nini havifanani.

Nitoe mfano mmoja kwa urefu, kwa sababu unafundisha mengi: Eyam.

Eyam ni kijiji cha milimani katika mkoa wa Derbyshire, cha wachimbaji wa madini ya risasi na wakulima wadogo. Kanisa lake ni la Mtakatifu Lawrence. Nje, makaburini, umesimama msalaba wa jiwe wa karne ya 8, umepungukiwa kipande cha nguzo yake. Ni mkongwe kuliko jengo lenyewe. Ukutani pana saa ya jua ya mwaka 1775. Lakini watu hawaendi Eyam kwa ajili ya hayo. Wanaenda kwa sababu ya tauni.

Mwishoni mwa kiangazi cha mwaka 1665, London ikiwa inakufa kwa tauni, mzigo wa nguo ulifika kijijini kwa mshonaji. Nguo zilikuwa na unyevu, zikaanikwa mbele ya moto. Inaaminika kwamba viroboto walikuwa ndani yake. George Viccars, aliyezianika, alizikwa tarehe 7 Septemba. Mwezi huohuo wakafuata mtoto wa nyumba aliyopanga na majirani. Baridi ilipoingia maradhi yakapungua, watu wakaanza kupumua. Kiangazi cha mwaka 1666 yakarudi kwa ukali zaidi.

Kasisi alikuwa William Mompesson, kijana asiyetimiza miaka thelathini, mgeni kijijini. Wanakijiji hawakumpenda sana, kwani walimpenda Thomas Stanley, kasisi wa zamani aliyeondolewa kwa kukataa utaratibu wa ibada uliowekwa baada ya ufalme kurejeshwa. Wawili hao walikuwa na kila sababu ya kutosemezana. Walisemezana. Mwezi wa Juni walisimama pamoja mbele ya watu wakawaomba mambo matatu: kila familia izike wafu wake yenyewe, karibu na nyumbani, bila kungoja maziko ya kanisani, ibada zihamie nje, kwenye bonde liitwalo Cucklet Delf, ambako watu wangesimama mbalimbali, na asitoke mtu kijijini hadi maradhi yaishe. Watu wakakubali. Chakula kililetwa hadi mpakani, kingine kikitumwa na Earl wa Devonshire kutoka Chatsworth, na malipo yakaachwa kwenye jiwe lenye matundu yaliyojazwa siki, ili sarafu zisipeleke maradhi kwa muuzaji.

Kati ya tarehe 3 na 10 Agosti, Elizabeth Hancock alimzika mume wake na watoto wao sita. Aliwazika mwenyewe, kondeni, mahali paitwapo Riley. Mahali hapo leo pamezungushiwa ukuta mdogo wa mawe, mbali na kanisa.

Tarehe 25 Agosti alizikwa Catherine Mompesson, mke wa kasisi. Watoto wao walikuwa wamepelekwa mbali; yeye alichagua kubaki na mumewe kuhudumia wagonjwa. Kaburi lake liko makaburini mwa kanisa, karibu na ule msalaba wa kale, na kila mwaka Jumapili ya mwisho ya Agosti, siku ya kuikumbuka tauni, huwekwa maua juu yake.

Maradhi yalipoisha, baada ya miezi kumi na minne, majina ya waliokufa yalikaribia 260.

Sasa tusome kama wanafunzi wa fani. Makaburini pa Eyam, miongoni mwa mawe mengi, kaburi la tauni utakaloonyeshwa kwanza ni la mke wa kasisi. Mgeni anaweza kuondoka akidhani tauni ilimgusa yeye zaidi ya wengine. Lakini uchache wa mawe ya tauni ndio ushahidi wa ukubwa wa msiba: wafu wengi hawamo makaburini kwa sababu walio hai walikubali wasiwapeleke huko. Wapo bustanini, mashambani, nyuma ya nyumba. Ili kuwaona inabidi ugeukie daftari, ambamo majina yameshikana mstari kwa mstari, jina la ukoo mmoja likijirudia hadi jicho linachoka.

Na daftari nalo lahitaji kuulizwa maswali. Lile la Eyam tulilo nalo ni nakala iliyoandikwa upya miongo kadhaa baada ya tauni. Aliyenakili aliamua nini? Je, alikosa ukurasa? Vivyo hivyo kwa hadithi yenyewe. Ushahidi wa wakati uleule ni mchache, barua tatu za Mompesson zikiwa ndizo mashuhuri. Sehemu kubwa ya simulizi inayosomwa leo ilikusanywa na William Wood, mwenyeji wa Eyam, katika historia aliyoitoa mwaka 1842, karibu miaka 180 baadaye, kutokana na mapokeo ya wazee. Mwaka 2006 mwanahistoria Patrick Wallis alionyesha jinsi waandishi wa karne za baadaye walivyomkuza kasisi kuwa shujaa pekee, huku Stanley na wanakijiji wakisogezwa pembeni. Wapo waliosikitika, kana kwamba wamenyang'anywa kitu. Mimi naona tumeongezewa. Ukisoma tauni ya Eyam bila kumtanguliza shujaa mmoja, unamwona Elizabeth Hancock akichimba peke yake, na unaelewa kwamba uamuzi wa kubaki ulikuwa wa watu wengi ambao majina yao hayamo kwenye marumaru.

Turudi ndani ya kanisa, kwa sababu kumbukumbu za ukutani zina historia yake. Kabla ya miaka ya 1530, mtu aliyeweka bamba la shaba au jiwe juu ya kaburi alitaka kitu kimoja kutoka kwako upitaye: umwombee. Aliamini roho yake iko mahali pa kutakaswa na sala zako zitampunguzia muda. Kumbukumbu ilikuwa ombi la maskini kwa maskini, hata kama aliyelala chini yake alikuwa tajiri. Kisha yakaja mageuzi ya Kanisa. Mwaka 1547, chini ya Mfalme Edward wa Sita, misa za kulipiwa kwa ajili ya wafu zilifutwa kwa sheria na mali zake zikachukuliwa. Picha za ukutani zikapakwa chokaa. Katika makanisa mengi utaona bamba ambalo maneno ya kuomba sala yamekwanguliwa, jina likaachwa. Tangu hapo kumbukumbu ikabadili kazi. Kwa kuwa haikuruhusiwa tena kuomba, ilianza kusifu. Zile sifa ndefu za marumaru za karne ya 17 na ya 18, za baba mwema na mke mvumilivu, zilizaliwa katika ukimya ulioachwa na sala iliyokatazwa.

Neno la tahadhari hapa, maana kila kanisa lina msimulizi wake mkarimu. Utaambiwa kwamba sanamu ya shujaa aliyelala miguu ikiwa imepishana ni ya mtu aliyepigana vita vya msalaba. Si kweli, ulikuwa mtindo wa wachongaji, na wengi waliochongwa hivyo hawakukanyaga Palestina. Mshukuru msimulizi, kisha utafute wosia wa marehemu.

Lipo jiwe moja ambalo kila mwanafunzi mwenye asili ya Afrika angepaswa kulijua mapema. Katika makaburi ya kanisa la Oxhill, kijiji cha Warwickshire, amezikwa Myrtilla. Jiwe linamtaja kuwa mtumwa mweusi wa Thomas Beauchamp wa Nevis, kisiwa cha miwa huko Karibi. Linasema alibatizwa tarehe 20 Oktoba na kuzikwa tarehe 6 Januari, mwaka 1705. Anayesoma kwa haraka atadhani mchongaji amekosea: inawezekanaje mtu azikwe Januari na kubatizwa Oktoba ya mwaka huohuo? Jibu ni la kalenda. Nchini Uingereza, hadi mwaka 1752, mwaka wa kisheria ulianza tarehe 25 Machi. Januari ile ilikuja baada ya Oktoba, na kwa hesabu yetu ni ya mwaka 1706. Myrtilla aliishi chini ya miezi mitatu baada ya ubatizo wake, na baridi ya Warwickshire ikamkuta humo. Hesabu ndogo ya kalenda ndiyo iliyotupa wiki zake za mwisho. Jina alilopewa na mama yake haliko kwenye jiwe, wala umri wake. Lakini jiwe lipo, na ni miongoni mwa makaburi ya kwanza kabisa yanayojulikana ya Mwafrika nchini humo yenye maandishi.

Huko Henbury, ambako sasa pamemezwa na mji wa Bristol, yupo kijana aliyeitwa Scipio Africanus, aliyefariki mwaka 1720 akiwa na miaka 18, mtumishi wa Earl wa Suffolk. Mawe yake yamepakwa rangi na kuchorwa malaika weusi. Juni 2020, siku chache baada ya sanamu ya mfanyabiashara ya watumwa Edward Colston kutupwa bandarini Bristol, mtu asiyejulikana aliyavunja mawe hayo kwa kulipiza. Kumbukumbu za karne tatu bado zinagombewa. Anayeingia katika fani hii ajue hivyo.

Karibu kila kanisa la kijiji lina orodha nyingine, ya waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918. Serikali iliamua miili isirudishwe nyumbani, kwa hiyo ubao wa majina ulisimama badala ya kaburi, na akina mama waliusafisha kama wanavyosafisha kaburi. Hapo, kwa mara ya kwanza, jina la kibarua lilipanda ukutani sambamba na la mtoto wa mwinyi. Katika kanisa la Burwash, Sussex, pana bamba la John Kipling, aliyepotea katika mapigano ya Loos mwezi Septemba 1915 akiwa na miaka 18. Baba yake, mwandishi Rudyard Kipling, hakupata mwili wa kuzika. Akajiunga na tume ya makaburi ya vita na akaandika maneno ya kumbukumbu nyingi, yakiwemo yale ya mnara wa Askari wa Nairobi. Maneno hayo yanawaahidi askari wa Kiafrika na wapagazi kwamba watoto wao watayakumbuka majina yao. Mnara wenyewe hauna jina hata moja, wala ule wa Dar es Salaam uliozinduliwa mwaka 1927. Wapagazi waliokufa katika kampeni ya Afrika Mashariki walikuwa makumi ya maelfu; kikosi chao, Carrier Corps, kimebaki katika jina la Kariakoo. Kijiji cha Sussex chenye vifo vichache kina kila jina. Tofauti hiyo haikutokana na uhaba wa mawe. Ilitokana na kutoandikwa daftarini tangu mwanzo, au kuandikwa na kutojaliwa, na hilo lilikuwa kosa kubwa la waliokuwa na mamlaka.

Kwa anayetaka kuanza: chukua kijiji kimoja tu. Zunguka nje kwanza, halafu ndani, na uandike kila jina pamoja na mahali lilipo, kwa sababu mahali ni nusu ya maana. Usisugue jiwe kwa brashi ya waya wala kulipaka kitu ili lisomeke; subiri jua la asubuhi au la alasiri likalie upande, herufi zitainuka zenyewe. Kisha nenda kwenye hifadhi ya nyaraka ya mkoa. Tangu sheria ya kanisa ya mwaka 1978, madaftari ya zamani hupelekwa huko yatunzwe, na ya Derbyshire yamo Matlock. Uyalinganishe na ulichoandika. Majina yatakayozidi daftarini ndiyo kazi yako.

Na ukirudi nyumbani, kazi ni ileile. Pale Mbweni, nje ya mji wa Unguja, kuna kanisa la Mtakatifu Yohana lililojengwa na misheni ya Steere kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani, na makaburi yake. Chokaa na chumvi ya bahari havingoji. Nendeni na daftari na kalamu mkanakili majina hayo sasa, kabla ya masika nyingine.